Rachel ama Zenyatta: kisa cha ubishi wetu Lubumbashi

Huku Lubumbashi ukisikia grupu ya simu imewaka moto usiku unajua tu ni timu zetu za mpira, Mazembe na Lupopo, hauulizi hata. Sasa safari hii ilikuwa farasi. Farasi wa Marekani, tena majike wawili, Rachel Alexandra na Zenyatta, walioacha mbio tangu 2010, na watu wa mitaa ya Kamalondo, Katuba na Bel-Air wanatumiana odio mpaka usiku wa manane juu yao. Vié mmoja, ndivyo tunavyoita mwanaume mkubwa kwetu, ndo alianzisha, alituma videyo ya Zenyatta kwenye Breeders' Cup Classic ya 2010, mbio kubwa ya Marekani, akaandika chini yake "uyu njo malkia". Videyo haijamaliza hata kufunguka kwenye simu za wengine, yaya mmoja, huku ni ndugu mkubwa, siyo mlezi wa watoto, ambaye amefuata mambo ya farasi miaka mingi kwenye televisheni za Wafaransa akajibu: malkia gani, na ile siku alipoteza? Malkia ni Rachel.

Basi ikawa hivo. Na mimi naandika kisa chote hapa juu ubishi wetu ndo ule ule Wamarekani wenyewe wanabishana tangu 2009 na hawajamaliza, na naona watu wengi wanaingia ndani yake na nusu ya habari, wanatoka na hasira nzima.

Mambo yenyewe yako hivi. Rachel Alexandra mwaka 2009 alikuwa wa miaka mitatu. Alikimbia mara 8, akashinda zote 8, kwenye viwanja 7 vya majimbo 6, Arkansas, Louisiana, Kentucky, Maryland, New York na New Jersey. Mbio ya Kentucky Oaks alishinda kwa zaidi ya urefu wa farasi 20. Kwa wasiojua, kwenye mbio hizi tofauti ya mshindi inapimwa kwa urefu wa mwili wa farasi, na ikiwa ndogo sana wanasema kwa shingo, kwa kichwa, hata kwa pua, kwa hiyo urefu wa 20 ni kusema yuko peke yake pale mwisho, wengine unawatafuta nyuma. Baada ya Oaks akanunuliwa na Jess Jackson, tajiri wa mvinyo kutoka California, akapelekwa kwa kocha Steve Asmussen, na kama wiki mbili tu zimepita akaingizwa mbio ya Preakness kukimbia na madume. Joki wake, yaani mpanda farasi, Calvin Borel alikuwa ametoka kushinda mbio ya Kentucky Derby juu ya mgongo wa Mine That Bird, dume ambaye kwenye pari walimpa 50 kwa 1, na yule Borel akamwacha mshindi wa Derby, akamchagua jike. Wakashinda. Tangu Nellie Morse wa 1924 hakuna jike lilikuwa limeshinda ile mbio, ni miaka 85.

Kisha mbio ya Haskell, akampiga Summer Bird, mshindi wa mbio ya Belmont, kwa urefu wa sita. Kisha Woodward kule Saratoga, mwezi wa tisa, na hapo sasa mnisikilize vizuri juu ndo mbio ninayoipenda kuliko zote za ule mwaka. Alikuwa anakimbia na madume wakubwa kwake kwa umri, siyo rika lake tena. Wakamsumbua tangu mwanzo, hawakumwachia mbele bure, ikabidi akimbie kwa kasi ambayo kawaida inamaliza farasi kabla ya mstari. Ukiangalia mita za mwisho unaona mwendo wake umevunjika, hatua zimefupika, Macho Again anakuja kwa nje akiwa na nguvu mpya, Borel anasukuma na kichapo, na kila hatua pengo linapungua, na jike halikubali. Kwa kichwa. Hakuna jike lilikuwa limewahi kushinda Woodward kabla yake. Yaya alipotuma ile videyo kwenye grupu watu walinyamaza kidogo, hata wale wa upande mwingine.

Zenyatta sasa. Huyu alinunuliwa mnadani 2005 kwa dolari 60,000, pesa ndogo kwa farasi wa aina ile, na Jerry Moss na mke wake Ann. Moss alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni kubwa ya kurekodi muziki. Jike kubwa la mwili, lilichelewa kukomaa, kocha wake John Shirreffs hakumharakisha, mbio ya kwanza ni mwisho wa 2007. Kabla ya kukimbia anacheza, kweli anacheza, anainua miguu ya mbele na kuitupa kama yuko kwenye ngoma, na watu walikuwa wanakuja uwanjani kuona hiyo tu. Halafu mbio ikianza anakaa nyuma kabisa, wa mwisho, unasema leo imeisha, na pale mwisho anawapita wote mmoja mmoja.

Mwaka 2009 alikimbia mara 5, akashinda 5, zote California. Nne za kwanza ni na majike wenzake. Ya tano ni Breeders' Cup Classic, tarehe 7 mwezi wa 11, uwanja wa Santa Anita, na madume bora wa Marekani na wengine waliotoka Ulaya, na akashinda kwa urefu mmoja mbele ya Gio Ponti. Jike la kwanza kushinda ile mbio. Nyuma yake walikuwemo Summer Bird aliyemaliza wa nne na Mine That Bird aliyemaliza mbali sana, wale wale wawili Rachel aliowapiga.

Rachel hakuwepo.

Hapo ndo ubishi wote umejengwa. Wapiga kura wa Marekani wakatoa tuzo ya farasi wa mwaka 2009 kwa Rachel, kura 130 kwa 99 za Zenyatta, na wale wa Zenyatta mpaka leo hawajaimeza. Vié wetu akatuma odio moja ndefu kabisa, anasema "Rachel alikimbia, njo mambo yote iko pale, ule mwenye nguvu anakuyaka, hakai nyumba". Maana yake alitoroka. Wengi wakamuunga mkono, na kusema kweli kwa sikio neno hilo ni tamu, mtu akisikia "hakuja" anamaliza mwenyewe hukumu kichwani.

Lakini kuna habari ambayo vié hakuileta, na sidhani alikuwa anaijua. Ule uwanja wa Santa Anita wakati ule haukuwa na udongo. California iliwalazimisha wenye viwanja vikubwa watoe udongo na kuweka sakafu ya sintetiki, mchanga uliochanganywa na nyuzi na vitu vingine vya kuushikanisha, wakitumaini farasi hawatavunjika miguu sana. Sakafu ile inabadilisha mbio. Farasi wanaozoea kukimbia kwenye majani wanaipenda, wanaotoka nyuma wanaipenda, wale wanaoshinda kwa kuondoka mbele na kuchosha wengine kwenye udongo wanapoteza silaha yao. Na 2008, mwaka mmoja nyuma, kwenye Classic hiyo hiyo ya Santa Anita, bingwa wa Marekani Curlin alimaliza wa nne, na wa kwanza na wa pili wakawa farasi wa Ulaya wa majani, Raven's Pass na Henrythenavigator. Sasa Curlin alikuwa wa nani? Wa Jess Jackson. Kocha? Asmussen. Ni watu wale wale. Kwa hiyo Jackson aliposema mapema kabisa, kabla hata ya Woodward, kwamba Rachel hatakimbia kwenye plastiki, yaani ile sintetiki, alikuwa anaongea mtu aliyeona bingwa wake mwenyewe anazama pale. Unaweza kumwambia alikosea, unaweza kumwambia alinyima mashabiki mbio ya karne, mimi pia nimesikitika, ila neno "alikimbia" linahitaji mtu anayeogopa mpinzani, na hapa kilichoogopwa ni sakafu.

Ndo nikatuma hiyo habari kwenye grupu. Ikasaidia kidogo, siyo sana. Mtu wa Katuba akanijibu: sawa, lakini Zenyatta naye hakutoka California mwaka mzima, mbona hamsemi yeye alikimbia? Na ana haki, hiyo pointi inakata pande zote mbili, juu ile Woodward ilikuwa wazi kwa kila farasi, hata kwa Zenyatta.

Aliyetuliza mambo kuliko wote ni papa mmoja mzee, mtu wa Mazembe tangu inaitwa Englebert, ambaye farasi hajui hata mmoja. Akaandika pole pole, na makosa ya kidole. Anasema kombe ya Afrika ya 1967 tuliipata namna gani? Na Asante Kotoko tulitoka 1-1, tukatoka 2-2, ikabaki mechi ya kuamua, Kotoko hawakuja, tukapewa kombe. Leo tunahesabu kombe tano, 1967, 1968, 2009, 2010, 2015, kuna mtu hapa anahesabu nne? Hakuna. Na kuna mtu hapa anaweza kusema Kotoko ya 1967 ilikuwa timu ya bure? Pia hakuna, walitusumbua mechi mbili nzima. Basi aliyekuwepo hamumpunguzie, na ule hakukuya hamumuite muoga kama hamujue kwa nini.

Mimi nimesoma uchambuzi mwingi wa hawa farasi wawili na sijaona mtu ameliweka vizuri kuliko huyu mzee wa Kamalondo. Classic ya 2009 ni ya Zenyatta nzima, hakuna kupunguza robo eti Rachel hakuwepo. Na mwaka wa Rachel ni wa Rachel nzima.

Lakini papa alikuwa hajamaliza kuandika, wengine wakarukia 2010, na hapa kambi ya Zenyatta iko na silaha ya kweli. Kule Arkansas mwenye uwanja wa Oaklawn, Charles Cella, alitangaza ataipandisha zawadi ya mbio ya Apple Blossom ya mwezi wa nne 2010 mpaka dolari milioni 5 kama wote wawili watakuja. Kwenye udongo, hakuna kisingizio cha plastiki. Rachel akaanza na mbio ya kujipasha moto kule New Orleans mwezi wa tatu, akapigwa na Zardana, na Zardana alikuwa anafundishwa na nani, na Shirreffs, kocha wa Zenyatta. Jackson akamtoa Rachel. Zawadi ikarudi dolari 500,000, Zenyatta akaja hata hivo, akashinda bila jasho. Vié akauliza, na hapa udongo ulikuwepo, sasa sababu iko wapi? Yaya akajibu kwamba Rachel wa 2010 hakuwa Rachel tena. Na majibu ya uwanjani yanamuunga mkono, ule mwaka alikimbia mara 5 akashinda 2 tu, mwezi wa tisa wakamstaafisha. Nadhani ile Woodward ilimla. Siwezi kuipima hiyo kwa namba, lakini mtu akiangalia zile mita za mwisho za Saratoga na kisha aangalie Rachel wa mwaka uliofuata, ataona farasi aliyetoa kitu ambacho hakikurudi.

Sasa turudi kwenye ile videyo ya kwanza. Uwanja wa Churchill Downs, Kentucky, tarehe 6 mwezi wa 11, 2010, jua limeshazama, taa zinawaka. Zenyatta ana miaka sita, amekimbia 19 ameshinda 19, na hii watu wote wanajua ni ya mwisho. Mbio inaanza na anabaki nyuma, siyo nyuma ya kawaida yake, nyuma kabisa kabisa, anapita mbele ya majukwaa mara ya kwanza akiwa ameachwa mbali mpaka unafikiri ameumia. Mike Smith juu yake anamtuliza, anamwacha azoee udongo kumpiga usoni, juu kwenye udongo alikuwa amekimbia mara mbili tu maisha yake yote, zote Oaklawn. Wanaingia kona ya mwisho bado ana farasi wengi mbele yake, inabidi apenye, atafute njia, apelekwe nje. Na pale anapoona nafasi anafungua. Mbele Blame, dume la miaka minne na joki Garrett Gomez, ameshatoka kuwapita wengine na anakwenda moja kwa moja kwenye mstari. Zenyatta anamla, anamla, anamla. Kichwa kimoja kikabaki. Hatua mbili zingine angempita, kila mtu anasema hivo, na mimi nikiiangalia naona hivo, lakini mstari uko pale ulipo.

Smith alilia mbele ya waandishi akasema kosa ni lake, siyo la farasi.

Halafu kura ya farasi wa mwaka 2010 ikaenda kwa nani? Zenyatta, 128 kwa 102 za Blame. Hapo yaya akawaka kweli. Anasema "munaona sasa? ile kura ya pili ilikuwa ya kulipa deni la kura ya kwanza". Watu wa Zenyatta wakasema hapana, ameshinda 19 katika mbio 20, nani mwingine ana hiyo.

Na mimi hapa ndo naona ugonjwa wa huu ubishi wote. Wanaouliza "nani bora" wanajibiana majibu ya maswali tofauti. Farasi wa mwaka ni kazi ya mwaka mmoja, mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, basi. Ukiuliza hivo, 2009 ni Rachel na sioni namna nyingine, mbio 8, viwanja 7, madume mara tatu, mwenye Derby na mwenye Belmont wote mikononi mwake. Ukiuliza maisha yote uwanjani, ni Zenyatta, juu kushinda 19 mfululizo mpaka umri wa miaka sita, ukitoka nyuma kila mara, ukitegemea nafasi ifunguke kila mara, ni kitu ambacho kosa moja dogo lingekivunja na kwa miaka mitatu halikutokea. Kumpa mtu tuzo ya mwaka kwa kazi ya maisha ni kumuonea yule aliyefanya kazi ule mwaka. Ndo kilichompata Blame. 2010 alikimbia 5, akashinda 4 zikiwemo mbio za Stephen Foster na Whitney, na ile ya mwisho akampiga huyo huyo aliyepewa tuzo, uso kwa uso. Mimi kura yangu ingekuwa ya Blame, na najua vié ataniandikia kesho.

Kuna pointi moja iliyorudi sana kwenye grupu na nitaipitia haraka juu sipendi namna inavyotumiwa, ile ya watoto. Wengine wakasema urithi wa bingwa ni kizazi, tuangalie nani amezaa mabingwa. Rachel alizaa mara mbili tu. Jess's Dream, mtoto wa Curlin, alikimbia mara moja Saratoga akashinda. Rachel's Valentina alishinda Spinaway 2015, mbio ya daraja la kwanza, lakini kuzaliwa kwake karibu kumuue mama, na Rachel hakuzalishwa tena. Watoto wa Zenyatta kama Cozmic One na Ziconic walikimbia lakini hawakufanya kitu, na wengine walifariki wadogo. Mtu akachukua hiyo na kuandika kwamba basi kumbe Zenyatta hakuwa na damu. Hii nakataa kabisa. Jike linabeba mimba miezi 11, linatoa mtoto mmoja kwa mwaka kama mambo yote yamekwenda vizuri. Dume bingwa linaweza kupandishwa kwa majike zaidi ya mia kwa msimu mmoja tu. Ukipima urithi kwa watoto majike wote watapoteza milele, hata kabla ya kuanza. Kile walichofanya uwanjani kilishafanyika, mtoto kushindwa hakirudishi.

Mwaka 2016 wote wawili waliingizwa pamoja kwenye nyumba ya heshima ya mbio za farasi kule Saratoga Springs, mwaka wa kwanza walioruhusiwa. Nilidhani hiyo ingetuliza watu. Yaya anasema heshima sawa siyo uwezo sawa, vié anasema kama wangekutana Oaklawn tusingekuwa tunaongea. Papa mzee alishatoka kwenye ubishi, anatuma picha za Mazembe ya zamani.

Mimi nimebaki na Blame, ambaye kwenye huu ubishi wote anaitwa "ile dume iliyomuharibia". Watu wa Marekani wengine hawajamsamehe mpaka leo, kana kwamba alikuwa na kazi nyingine ule usiku zaidi ya kukimbia. Alistaafu baada ya ile mbio, akarudi shamba la Claiborne kule Kentucky kuwa baba. Binti yake Senga akashinda Prix de Diane ya Ufaransa 2017, mwanawe Nadal akashinda Arkansas Derby 2020. Yaya nimemwomba aitafute ile Whitney ya 2010, ambapo Blame alimkamata Quality Road kwa kichwa pale mwisho, aitume kwenye grupu peke yake, bila Zenyatta pembeni, watu waione hiyo kwanza ndo tuendelee.